Mbingu kwa Kiingereza

Uskoti,
Jumapili, baada ya ibada.

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Ipokee hii polepole, maana ile ya kwenye simu huwa unaiitikia "marahaba, baridi je?" kabla sijaimaliza, utadhani kila neno linakula salio lako. Leo nimekaa mezani, chai iko pembeni, hakuna kinachokatika. Goti linaendeleaje? Ile dawa ya kuchua niliyompa binti wa mchungaji akuletee, unaipaka wewe au umeshampa jirani kama ile ya kwanza? Na mvua, Mama, imefika Usoke au bado mnaitazama ikipita kwa mbali? Kaka Elia aliniambia miche ya tumbaku iko tayari kitaluni na ardhi bado ngumu kama kigae. Tangu aliposema hivyo, kila nikiamka natazama kwenye simu hali ya hewa ya Tabora kabla sijafungua pazia kutazama ya hapa.

Mimi mzima. Nimenenepa kidogo kwa sababu ya viazi, maana hapa viazi ndiyo ugali. Ile mboga kavu ya nsansa uliyonifungia niliila kwa hesabu ya uchoyo, kijiko kwa kijiko, hadi ikaisha. Sasa nanusa mfuko tu.

Nimeamua kuandika barua kwa sababu ninalotaka kukuambia halifai simu. Likitajwa jambo zito wewe husema, "Sikusikii mwanangu, mtandao huo," halafu unakata. Barua hutaikata. Vaa miwani, kaa, usome mwenyewe.

Habari ya mtihani unaijua. Nyumbani nilikuwa muuguzi kamili. Nikitoka Isevya, pale Tabora mjini, asubuhi na sare yangu, mama wa vitumbua ananipungia mkono na kuniita sista. Hapa, mpaka wakubali Kiingereza changu, mimi ni msaidizi kwenye nyumba ya kulelea wazee. Naosha, nalisha, nageuza mgongo, nabadilisha shuka. Kazi yenyewe siidharau. Lakini sheria yao inasema msaidizi haruhusiwi kumleta mtoto wake, muuguzi anaruhusiwa. Ndiyo maana nilijinyima usingizi na kujifungia na vitabu. Nikifaulu, naweza kumchukua Kabula. Nikianguka, Kabula anabaki kwako. Sote wawili tumelijua hilo tangu nilipoondoka, ingawa hujawahi kulitaja. Sasa matokeo yametoka. Nitayafikia, usirukie ukurasa wa mwisho. Nakujua.

Nianze na darasa. Tunasoma kwenye ukumbi nyuma ya maktaba, na mwalimu wetu ni Bi Moira, mama mstaafu anayevaa mabuti ya mvua hata siku jua likiwaka. Ana kopo la biskuti lililojaa vikaratasi vyenye maneno. Kila mmoja anachota neno, anakwenda nalo nyumbani, na Jumamosi inayofuata anarudi na sentensi zinazolitumia kama wenyeji wanavyolitumia. Mimi nilichota neno heavens, yaani mbingu. Nikafurahi kimoyomoyo. Nikasema hili wamenipa bure, mtoto wa Kimoravian niliyekaririshwa habari za mbingu tangu shule ya Jumapili!

Kumbe sikujua kitu. Wiki ile nilitega masikio kazini nisikie mbingu zao zinatumikaje. Mzee Dankani, babu ninayemhudumia chumba cha mwisho, akimwaga chai utamsikia, "Mbingu njema!" Msimamizi wetu mtu akichelewa anasema, "Kwa ajili ya mbingu, hebu harakisheni!" Mpishi akifungua jiko akakuta mkate haujaungua, anazishukuru mbingu. Mama, watu hawa kanisani tunaingia wachache hadi mwangwi unatujibu, lakini mbingu haziwatoki mdomoni. Wazee wetu wa kanisa wangeshinda huku wiki moja tu, wangewaweka kikao wote, kuanzia mpishi.

Halafu Bi Moira akatupa nyingine. Alisema mvua kubwa ikishuka ghafla, Waingereza husema mbingu zimefunguka. Hiyo nikaipenda palepale. Nikasema sentensi hii haikutungwa Uingereza, imetungwa Usoke. Jumamosi nikasimama mbele ya wenzangu nikasoma sentensi yangu kwa sauti: "Mbingu zilifunguka, na mama yangu akapiga vigelegele."

Bi Moira akavua miwani.

"Yusta, sarufi haina kasoro," akasema. "Lakini mtu wa huku hatakuelewa. Mbingu zikifunguka, watu hukimbia. Anza na kilichoharibika."

Wenzangu wakasoma zao. Mbingu zilifunguka, mechi ikaahirishwa. Mbingu zilifunguka, nguo zote kwenye kamba zikalowa upya. Mbingu zilifunguka, keki ya siku ya kuzaliwa ikawa uji. Nikaambiwa niende nyumbani nikatafute changu kilichoharibika. Mama, nilitafuta. Nilikaa kitandani na kalamu, nikafunga macho, nikaita mvua zote ninazozikumbuka. Hazikuja na uharibifu, zilikuja na harufu.

Zilikuja na ile harufu ya uwanja wetu. Unakumbuka Baba, Mungu amlaze pema, alivyokataza mtu kuingia ndani mvua ya kwanza ikija? Mvua yetu haiji kwa kunyatia. Unaisikia kwanza ikitembea juu ya miyombo, upande wa machweo, na mbuzi wanaanza kulia kabla yetu. Baba anavua viatu na kofia, anasimama katikati ya uwanja, na sisi tunasimama naye. Ndoo, sufuria, karai, hata lile beseni la kuogea mtoto, vyote viko chini ya bati. Wewe unakuja kutoka jikoni na unga mikononi, unainua uso, unapiga vigelegele. Ng'ambo ya reli Mama Shija anavipokea, jirani yake anavipokea kwake, vinakwenda hivyo nyumba kwa nyumba hadi stesheni. Watu wa stesheni walikuwa wanajua mvua imefika kwetu kabla tone halijawagusa. Hakuna redio iliyowahi kuwahi kuliko ninyi.

Na Baba, amelowa chapachapa, shati limemganda mgongoni, ndipo alipoanza hadithi yake ya wapagazi. Babu wa babu yake, mzigo wa pembe begani, kiangazi chote njiani hadi pwani. Alikuwa anatuonyesha kwa mkono njia ilikopita misafara, kutoka Tabora kwenda Ujiji, kama vile vumbi lao bado halijatua. Kisha anasema Mnyamwezi atafika kokote, ila mvua ya kwanza imkute kwake, kwa sababu jembe halingoji msafiri. Tulikuwa tunakonyezana, tunajua kila neno linalofuata. Mimi nilikuwa wa kwanza kumnong'oneza Elia, "Sasa anafika Bagamoyo." Leo ningetoa mshahara wa mwezi mzima nisimuliwe hadithi hiyo mara moja tu, nikiwa nimelowa. Nimewakumbuka, Mama. Sijui niseme vipi zaidi ya hivyo.

Sasa cheka kidogo. Mjukuu wa Mzee Dankani aliolewa mwezi uliopita. Babu hawezi kutoka kitandani, basi bibi harusi akaahidi kupita na shela lake ili babu amwone. Walikuwa wamepanga kila kitu bustanini, mahema, maua, meza zenye vitambaa. Walipokaribia kufika kwetu, mbingu zikafunguka. Si manyunyu yao ya kila siku, ni mvua hasa, ya kupiga dirisha. Bibi harusi akaingia korido nywele zimelala, gauni limezoa tope, wanja unatiririka hadi kidevuni.

Mimi nilimwona bibi harusi na nikaona mvua. Kitu kingine sikuona. Kabla akili haijanikataza nikapiga vigelegele, Mama, vile vyako hasa, vya kufika stesheni. Mzee mmoja akadondosha fimbo. Nikamshika yule binti mikono yote miwili nikamwambia kwa Kiingereza changu kizuri, "Hongera sana! Mbingu zimefunguka kwa ajili yako!"

Akaangua kilio. Mama yake akanitazama kama niliyemmwagia ndoo ya maji mwenyewe. Msimamizi akaniita ofisini, akaniuliza kwa upole ule wao unaotisha kuliko ukali kama nilikusudia kumdhihaki binti wa watu. Nikajieleza. Nikamwambia kwetu harusi ikinyeshewa watu hupongezana, kwamba mtu akija na mvua tunamwita wa heri na kumwekea kiti. Alinisikiliza, akaandika kitu, akaniambia niombe radhi. Nikaomba. Binti mwenyewe, machozi yalipokauka, aliniuliza kama ni kweli. Nikamwambia ni kweli kabisa, na akaniomba nivipige tena, taratibu, wapige picha. Basi ndivyo nilivyoingia kwenye albamu ya harusi ya Waskoti na kofia yangu ya kazini.

Jioni nikimlisha Mzee Dankani supu, yeye alikuwa bado anacheka hadi anapaliwa. Maisha yake yote alilima viazi na kufuga kondoo mlimani. Nikamweleza habari za tumbaku na miche inayongoja kitaluni, na ninyi mnaotazama juu. Akatikisa kichwa.

"Mimi nimeomba miaka yote iache," akasema. "Sijawahi kuomba ije. Sikujua kuna watu wanaoomba ije."

Akaniuliza kama imeshafika kwenu. Nikamwambia bado. Tangu siku hiyo nikiingia chumbani kwake asubuhi, kabla ya salamu, ananiuliza, "Usoke?" Nami namjibu bado, anasema atajaribu kutuombea ingawa hana uzoefu.

Sasa mtihani. Sehemu ya kuandika ilipita salama. Sehemu ya kuzungumza unaingia chumbani peke yako na mtahini mmoja. Wangu alikuwa mwanamke wa makamo, hatabasamu wala hakasiriki. Akanipa kadi, nayo ilisema nieleze siku ya mvua ninayoikumbuka. Mama, nilitaka kucheka. Nikaanza kama nilivyofundishwa, nikatanguliza kilichoharibika: nguo kwenye kamba, viatu, basi lililokwama. Maneno yalikuwa yanatoka vizuri kabisa na yote yalikuwa ya uongo. Katikati nikasimama. Nikamwambia, "Samahani. Siku ninayoikumbuka, mbingu zilifunguka na hakuna kilichoharibika."

Nikamsimulia siku aliyozaliwa Kabula. Zahanati ya kwetu, mchana, bati linapigwa na mvua hadi mkunga anapiga kelele "sukuma!" nami nasikia nusu tu. Na wewe, mama yangu mzazi, badala ya kunishika mkono, uliposikia mvua ukaniacha na uchungu wangu ukakimbilia nje kupiga vigelegele! Ukarudi unachuruzika maji, unacheka, na mtoto akatoka. Mkunga akauliza jina, ukajibu wewe, si mimi: "Kabula. Amekuja na mvua, aitwe nani tena?" Yule mtahini aliacha kuandika akasikiliza. Nikajua nimempata.

Kisha akauliza swali lililo katika kazi yake tu, la kunifanya niendelee kusema. Akasema, "Na binti yako yuko wapi sasa?"

"Kwa mama yangu."

"Mvua ikinyesha huwa anapenda kufanya nini?"

Mama, Kiingereza nilikuwa nacho. Jibu ndilo sikuwa nalo. Nilipoondoka alikuwa bado wa kubebwa mgongoni, na sasa Elia ananiambia anachota maji mwenyewe na anamjibu mwalimu. Nilitafuta kichwani nikaona picha za kwenye simu tu, zote amesimama wima, amevaa nguo ya sikukuu, hamna hata moja amelowa. Sijui kama anakimbilia nje au anajificha chini ya kitanda. Sijui kama anaogopa radi. Nilikaa pale hadi yule mama akanigeuzia kadi nyingine kwa huruma.

Nimefaulu. Ndiyo hayo matokeo. Bi Moira alinikumbatia na mabuti yake, wenzangu wakaleta keki, msimamizi akanipa mkono na kuniambia karatasi za muuguzi zitakuwa tayari na za mtoto zitafuata. Nikasema asante kwa kila mtu, halafu nikaingia chumba cha mashuka nikafunga mlango nikalia. Furaha ilikuwemo, sikufichi. Lakini lile swali lilikuwemo pia.

Sasa nikuambie ninachokijua nawe hujui kwamba nakijua. Wiki iliyopita nilipompigia, Kabula alikwenda na simu nyuma ya nyumba, akaninong'oneza. "Mama," akasema, "lile begi jipya la safari ulilonitumia, Mayu amelificha kwenye bani la zamani la kukaushia tumbaku, juu kabisa kwenye fito. Nimemwona. Usimwambie, atalia." Ameniomba nisikwambie, nami nakwambia, uniombee radhi kwake.

Sikukasirika. Ningekuwa wewe ningelichoma moto kabisa. Nilichokisikia zaidi ni lile jina. Mimi ananiita Mama, kama ilivyoandikwa kwenye kitabu cha shule. Wewe anakuita Mayu, kama mimi ninavyokuita nikiumwa. Mwenye haki ya jina hilo ndiye aliyekesha naye, na mimi sina cha kubishia.

Najua unachoogopa. Unaogopa siku moja atakuja dada mmoja wa kanisani na karatasi, atamshika mkono, atampandisha treni, na nyumba itabaki wewe na kuku. Haitakuwa hivyo. Sitamwita mtoto kama anayeagiza kifurushi. Nimeomba likizo yangu yote kwa mkupuo na msimamizi amekubali. Nakuja mwenyewe. Nakuja kulala kwenye mkeka mmoja na ninyi, kupanda tumbaku ya Elia na kuumwa kiuno, na kumtazama binti yangu mvua ikija nijue anafanya nini. Akishanizoea, tutakaa watatu, wewe, yeye na mimi, tuzungumze aende wapi na lini. Kama jibu litakuwa bado, nitarudi peke yangu, nami nitakuja tena. Kama jibu litakuwa aende, wewe ndiye utakayempulizia maji ya baraka kichwani na kumsindikiza, kama ulivyonifanyia mimi. Bila hivyo haondoki.

Msalimie Kaka Elia na shemeji yangu, waambie wasipande miche yote, waniachie matuta mawili matatu. Mama Shija ng'ambo ya reli, mwambie nimempigia vigelegele huku ugenini na havikupata wa kuvipokea. Mzee wa kanisa anayekusomea Neno goti likikataa kutembea, mpe shikamoo yangu. Shangazi wa Ulyankulu mwambie blanketi lake nakuja nalo. Kabula umbusu kwenye paji la uso, usimwambie chochote. Nataka anione mlangoni ashtuke mwenyewe.

Wewe Mayu, Mungu akulinde, goti likanyooke, na mbingu ziwafungukie kabla barua hii haijafika.

Begi la Kabula liache hapohapo ulipolificha. Ninakuja na la kwangu.

Ni mimi mwanao,
Yusta.